Umestaafu, Lakini Bado Uko Kwenye Orodha Yao

Wasee wa Barça mnaikumbuka hii. Agosti 2024 Wojciech Szczęsny anatangaza kwamba ameachana na mpira. Ana miaka 34, mkataba wake na Juventus umevunjwa kwa makubaliano, anataka kupumzika na familia. Mwezi unaofuata ter Stegen anaumia goti, Barcelona wanapiga simu, na tarehe 2 Oktoba mzee amesaini. Mwisho wa msimu ana taji la La Liga. Hakuna mtu aliyeenda Turin kuomba ruhusa. Juventus hawakupata hata shilingi moja, na hakuna aliyeshangaa.

Sasa peleka stori hiyo Marekani, kwa ule mpira wao wa helmeti, halafu badilisha kitu kimoja tu: mkataba haujavunjwa. Mchezaji amechoka, ameaga mashabiki, amelia mbele ya kamera, lakini kwa makaratasi bado ana miaka miwili ama mitatu. Anakaa nyumbani mwaka mzima anafuga ndevu. Siku moja anaamka hamu ya kucheza imerudi, na anataka kuchezea timu nyingine. Hawezi. Timu aliyoiacha ina uwezo wa kumrudisha kwa mkataba ule ule wa zamani, ama kumpeleka kwa timu nyingine na kulipwa, ama kumwachilia aende bure. Maamuzi hayo matatu yote ni yao. Lake yeye ni moja: kuendelea kukaa nyumbani.

Nimekuwa nikisoma kuhusu hii sheria kwa muda sasa, na nina maoni. Lakini kwanza twende pole pole, maana najua wengi wenu NFL mnaijua kwa sababu ya shoo ya katikati ya Super Bowl na basi. Hakuna noma. Ila kumbukeni ligi hiyo si ya watu wa mbali tena. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwa raga akasaini na Indianapolis Colts mwaka wa 2013, na Aprili 2023 NFL wenyewe walileta kambi Nairobi kutafuta vijana wenye miili. Kuna msee anasoma hii leo ambaye siku moja atawekewa karatasi hizo mbele yake.

Hivi ndivyo inavyofanya kazi. Ukistaafu na mkataba wako haujaisha, timu inakuweka kwenye orodha ya waliostaafu. Mshahara unasimama, lakini mkataba haufi. Unagandishwa, kama nyama kwa friza. Ulikuwa umebakisha miaka miwili? Ukirudi baada ya miaka mitano, bado umebakisha miwili. Muda uliokaa nje hauhesabiki kabisa. Na timu zinapobadilishana wachezaji mara nyingi hazilipani pesa. Zinalipana nafasi za kuchagua kwenye drafti, ile siku ya kila mwaka ambapo timu zinapanga foleni kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, raundi saba. Nafasi ya raundi ya kwanza ni dhahabu. Ya saba ni chenji ya matatu.

Tabia hii ya kumiliki haki ya mtu badala ya kumiliki kazi yake ni ya zamani sana. Mwaka wa 1879 wamiliki wa timu za besiboli walikubaliana chini ya meza kwamba kila timu itatenga wachezaji watano ambao timu zingine hazitawagusa, hata mkataba ukiisha. Baadaye ikawa timu nzima. NFL iliyoanzishwa 1920 ilikua ndani ya fikra hizo. Na angalia kilichotokea kwenye drafti yao ya kwanza kabisa, 1936. Mchezaji wa kwanza kuchaguliwa aliitwa Jay Berwanger. Philadelphia Eagles walimchagua, wakaona hawawezi kuelewana naye kwa pesa, wakauza haki yake kwa Chicago Bears. Bears nao wakashindwa. Berwanger akaamua kutafuta kazi nyingine, na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya NFL. Yaani mtu wa kwanza kabisa kwenye historia ya drafti aliuzwa kabla ya kuajiriwa, na aliyemnunua hakupata kitu. Naomba muikumbuke hiyo, tutairudia.

Wachezaji walipigana. Mwaka wa 1963 ligi iliweka kanuni iliyoitwa kwa jina la kamishna wake, Pete Rozelle: mchezaji akimaliza mkataba na kuhamia timu nyingine, kamishna mwenyewe anaamua timu mpya itoe nini kama fidia. Bila shaka timu ziliogopa kusaini mtu yeyote. John Mackey, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wachezaji, akaenda kortini na wenzake, na 1976 mahakama ya rufaa ikasema kanuni hiyo inavunja sheria za ushindani. Uhuru wa kweli ulikuja 1993. Lakini ni uhuru wa aliyemaliza mkataba. Aliyestaafu katikati hakuguswa na ushindi huo.

Na hapo ndipo tunafika Detroit.

Barry Sanders ndiye mkimbiaji ambaye ukitazama video zake unacheka peke yako. Mfupi, miguu kama ya mtu anayekwepa maji ya mvua pale Gikomba, mabeki wakubwa wanamrukia na kukumbatia hewa. Misimu kumi na Detroit Lions, na kila msimu alipita yadi 1,000. Mwaka wa 1997 alikimbia yadi 2,053. Shida ilikuwa timu. Katika miaka yake yote kumi Lions walishinda mechi moja tu ya mchujo. Moja. Msimu wa 1998 walimaliza na ushindi 5 na vipigo 11.

Julai 1999, akiwa ametimiza miaka 31 tu, Sanders alituma faksi kwa gazeti la mji wao wa Wichita, Kansas: amestaafu. Hakuitisha kikao na waandishi, na hakulia mbele ya mtu. Alikuwa amebakisha yadi 1,457 kuvunja rekodi ya Walter Payton ya kukimbia yadi nyingi zaidi katika historia. Kwa kasi yake hiyo ni msimu mmoja mzuri.

Kila mtu aliuliza swali moja: si aende timu nyingine, avunje rekodi, atafute taji? Wakala wake aliuliza hivyo hivyo. Lions wamwachilie, ama wampeleke kwingine. Lions wakakataa. Si hivyo tu. Miaka miwili nyuma walikuwa wamempa mkataba wa miaka sita wenye bonasi ya kutia saini ya dola milioni 11, kwa hivyo wakadai sehemu ya bonasi irudi. Kesi ikaenda kwa msuluhishi, na Februari 2000 akaamua Sanders alipe zaidi ya dola milioni 1.8 papo hapo, na zingine mwaka kwa mwaka kadiri anavyoendelea kukaa nje.

Hapa ndipo mimi nakwama. Sina shida na bonasi kurudi. Ulilipwa kwa miaka sita, umecheza miwili, rudisha doo za miaka ambayo hukufanya kazi. Hiyo ni haki, hata mama mboga angekubali. Lakini ukisharudishiwa pesa za mwaka wa 1999, kwa nini bado unadai kwamba mwaka huo wa kazi haujalipwa na ni wako? Ni kama mtu arudishe simu dukani, mwenye duka achukue simu, halafu abaki na pesa pia. Friza na bonasi haviwezi kwenda pamoja. Chagua moja.

Na je, Lions walipata nini kwa kumzuia? Hawakupata drafti, hawakupata mchezaji, hawakupata ushindi wowote. Mwaka wa 2002 Emmitt Smith wa Dallas alivunja rekodi ya Payton, na Sanders aliitazama kwa TV kama mimi na wewe. Haki ya Lions juu yake ilikuwa kama ile ya Bears juu ya Berwanger, karatasi isiyoshika mpira.

Ungedhani walijifunza. Machi 2016 nyota mwingine wa Lions, Calvin Johnson, aliyeweka rekodi ya yadi 1,964 za kupokea mpira katika msimu wa 2012, akastaafu akiwa na miaka 30, mwili umechoka kabisa. Timu ile ile ikataka sehemu ya bonasi irudi tena. Mwaka uliofuata Johnson alieleza hadharani kwamba alifikiria kujaribu kwingine, lakini aliambiwa hawatamwachilia. Miaka 17 imepita kati ya faksi ya Sanders na tangazo la Johnson, na jibu la ofisi ni lile lile. Manze.

Lakini nisiwafanye muone timu zote ni majambazi, kwa sababu kuna Brett Favre, na stori ya Favre ni ngumu zaidi.

Favre alikuwa Green Bay Packers misimu 16. Mrusha mpira mkuu, tuzo tatu mfululizo za mchezaji bora (ya 1997 aligawana na Sanders huyo huyo), Super Bowl moja. Machi 2008, akiwa na miaka 38, alistaafu akilia. Packers walikuwa na kijana waliyemchagua 2005, Aaron Rodgers, aliyekaa benchi miaka mitatu akingoja nafasi. Wakamwambia Rodgers: timu ni yako. Wakapanga kila kitu juu yake. Halafu Julai Favre anasema, mnajua nini, bado nataka kucheza. Niachilieni.

Hebu jiweke kwenye ofisi ya Packers. Ukimwachilia, unajua pahali anaenda: Minnesota Vikings, mahasimu wenu wa kundi moja, mnaokutana nao mara mbili kila msimu. Ni kama Gor Mahia waambiwe wampe Ingwe mfungaji wao bora bure, wiki chache kabla ya Mashemeji dabi. Ukimrudisha, unamvunja moyo kijana uliyemwahidi. Iliripotiwa hata walimpa Favre wazo la mkataba wa matangazo wa mamilioni ya dola ili abaki mstaafu. Akakataa. Ligi ikamrejesha rasmi mwanzo wa Agosti, na siku chache baadaye Packers wakampeleka New York Jets, mbali kabisa, ligi ndogo nyingine. Na kwenye makubaliano wakaweka sharti: Jets wakithubutu kumpeleka Vikings, Packers wapewe nafasi tatu za raundi ya kwanza. Hiyo bei iliwekwa ili isilipwe.

Ujanja wa Favre ulikuwa kungoja. Alicheza New York msimu mmoja, akastaafu tena Februari 2009. Sasa haki zilikuwa kwa Jets, na Jets walikuwa wamechagua kijana wao mpya, Mark Sanchez. Hawakuwa na ugomvi na mzee. Mwisho wa Aprili wakamtoa kwenye orodha ya waliostaafu, bure. Lile sharti lilizungumzia kumpeleka kwa kubadilishana, na hapa hakuna aliyebadilishana chochote. Agosti 18 akasaini na Vikings.

Tarehe 5 Oktoba 2009 aliwapiga Packers 30 kwa 23. Tarehe 1 Novemba akarudi Green Bay kwenye uwanja wake wa zamani, watu waliomshangilia miaka 16 wakimzomea, akawapiga tena 38 kwa 26 na kurusha pasi nne za tachidauni. Akiwa na miaka 40! Vikings walifika hatua moja kabla ya Super Bowl wakapoteza kwa New Orleans katika muda wa ziada. Packers nao hawakukosea kuhusu Rodgers, maana Februari 2011 aliwapa ubingwa. Kwa hivyo ukiniuliza nani alikuwa sawa, nitasema wote wawili, na ndiyo maana hii kesi haifanani na ya Detroit. Packers walizuia kitu cha kweli, na hata hivyo walimpa mtu mahali pa kucheza. Lions walizuia tu.

Stori zingine mbili zinaonyesha vile inaweza kwenda bila kelele. Marshawn Lynch wa Seattle Seahawks alistaafu Februari 2016, wakati Super Bowl inaendelea, kwa kuposti picha ya viatu vyake vya kijani vinaning'inia kwa waya. Mtu wa Eastlands anaielewa hiyo picha bila kutafsiriwa. Mwaka mmoja baadaye akataka kurudi, lakini kwa Oakland Raiders, timu ya nyumbani kwao, ambayo ilikuwa tayari imeamua kuhamia Las Vegas. Alitaka kucheza mbele ya watu wa mtaa wake kabla timu haijaondoka. Seattle hawakumfanyia ngumu. Aprili 2017 walimtoa Lynch pamoja na nafasi ya raundi ya sita, wakapokea ya raundi ya tano. Hiyo ni chenji tu, kusema ukweli. Lakini kijana wa Oakland alicheza Oakland.

Rob Gronkowski ndiye aliyeelewa mchezo vizuri kuliko wote. Akiwa New England Patriots alishinda Super Bowl tatu. Mwaka wa 2018 timu ilikaribia kumpeleka, haya basi, Detroit. Akasema afadhali astaafu, kwa sababu yeye hapokei pasi za mtu mwingine isipokuwa Tom Brady. Uhamisho ukafa. Machi 2019 akastaafu kweli, miaka 29, mwili umepasuliwa mara nyingi. Machi 2020 Brady akaenda Tampa Bay. Aprili 2020 Gronkowski akasema yuko tayari kurudi, lakini Tampa tu. Patriots walikuwa na haki zake na mwaka mmoja kwenye mkataba, ila wangemfanyia nini? Kumlazimisha arudi Boston haiwezekani, ameshaonyesha kwamba kukaa nyumbani hakumsumbui. Wakampeleka pamoja na nafasi ya raundi ya saba, wakapata ya raundi ya nne. Februari 2021 Tampa waliwapiga Kansas City 31 kwa 9 kwenye Super Bowl, na tachidauni mbili za kwanza za Tampa zilikuwa Brady kwa Gronkowski.

Ukiziweka hizi stori pamoja unaona kitu ambacho mkataba hausemi. Haki ya timu juu ya mstaafu ni haki ya kufunga mlango. Haiwezi kufungua. Inakuwa na thamani pale tu mchezaji anataka kurudi na timu inakubali kuachilia, yaani pale wote wawili wanaongea. Sanders alikuwa mkimya, Lions walikuwa wakaidi, thamani ikawa sifuri kwa kila mtu, pamoja na sisi tuliozaliwa baadaye ambao hatutawahi kuona angefika yadi ngapi.

Na msidhani ni wachezaji peke yao. Kocha Sean Payton aliacha New Orleans Saints Januari 2022, akaenda kuchambua mechi kwenye TV. Mwaka mmoja baadaye Denver Broncos walipomtaka, walilazimika kuwapa Saints nafasi ya raundi ya kwanza na nyingine ya raundi ya pili, wakarudishiwa ya tatu pamoja na yeye. Kocha ambaye hakuwa na filimbi mdomoni! Na Miami Dolphins, walioongea na Payton kisirisiri bila ruhusa ya Saints, na Brady vilevile akiwa bado na mkataba kwingine, walipokonywa nafasi ya raundi ya kwanza Agosti 2022, na mmiliki wao akapigwa faini ya dola milioni 1.5.

Kwa soka yetu mambo yako tofauti kidogo. Tangu hukumu ya Bosman ya Desemba 1995, mkataba ukiisha umeisha. FIFA ina kanuni kwamba mchezaji wa kulipwa anayestaafu baada ya mkataba kuisha anabaki amesajiliwa kwenye shirikisho la klabu yake ya mwisho kwa miezi 30, lakini huo ni usajili wa makaratasi, na una mwisho. Miezi 30, kalenda inaisabu. Friza ya NFL haina kalenda.

Ndiyo maana hii kitu imenishika. Wengi wetu humu tunasaini karatasi: lebo za muziki, mikataba ya maudhui, ajenti za mitindo. Tunasoma kipengele cha pesa mara tatu, na cha kuacha kazi hatukifikii. Kuna wasanii wamenyamaza miaka miwili na mashabiki wanadhani wameishiwa, kumbe wanangoja karatasi iishe.

Septemba 2023 Lions walimjengea Sanders sanamu ya shaba nje ya uwanja wao, Ford Field, na yeye mwenyewe alikuwepo, anatabasamu. Na Calvin Johnson amerudi kwenye sherehe zao pia, kwa hivyo maji yamepoa. Lakini sheria haijasonga. Makubaliano ya sasa kati ya wachezaji na wamiliki yanaenda hadi msimu wa 2030, halafu watakaa mezani tena kubishana kuhusu mapato na idadi ya mechi. Kama mimi ningekuwa na kiti pale, ningeomba sentensi moja iongezwe: timu ikidai bonasi irudi, siku pesa ikiingia, mtu anatoka kwenye orodha.